Namna ya Kuutambua Mche Bora wa Kakao wa Chupa

Anayetaka kupima ubora wa mche wa kakao wa chupa, yaani mche uliokuzwa maabara kutokana na kipande kidogo cha tishu badala ya mbegu, hana budi kuanza na mzizi, na majani ayaache mwisho. Njia hii ya kukuza miche maabara ilibuniwa kwa sababu mikakao mingi haiwezi kujichavusha yenyewe, hivyo mbegu zake huzaa watoto wanaotofautiana na mama kwa mavuno na kwa ustahimilivu wa magonjwa. Na vipande vya matawi ya pembeni vinavyooteshwa mizizi hutoa mimea inayotambaa upande, isiyo na mzizi mkuu wa kuzama ardhini. Mche wa chupa unatarajiwa kurithi nasaba ya mama mmoja tu na wakati huohuo kusimama wima kama uliotokana na mbegu, na usipotimiza yote mawili hauna sababu ya kununuliwa kwa bei kubwa.

Kazi ya maabara huanzia kwenye ua. Mafundi huchuma vichipukizi vya maua ambavyo havijafunguka, kwa kawaida asubuhi mapema, wakavisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha wakatoa petali na stameni tasa, ambazo ni vijiti vitano vyenye ncha kali visivyozaa chavua. Sehemu hizo huwekwa juu ya chakula kigumu chenye sukari, madini na homoni, gizani, hadi zifanye kalusi, yaani rundo la seli zisizo na umbo maalumu. Mbinu inayotumika sana leo, ambayo msingi wake ulichapishwa mwaka 1998 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hutumia homoni ya thidiazuroni katika hatua hiyo ya mwanzo, na hatimaye huihamishia tishu kwenye chakula kisicho na homoni.

Hapa ndipo jicho zoefu linapojitenga na jicho geni. Kalusi nyeupe, ngumu na iliyoshikamana huvutia, lakini mara nyingi haizai chochote, ilhali ile iliyolegea na kuanza kugeuka rangi ya kahawia, ambayo mgeni angeitupa, huweza kutoa viinitete, yaani mimea michanga kabisa. Kiinitete kizuri ni cheupe kama pembe ya ndovu, hakipitishi mwanga, na kina kotiledoni mbili, yaani majani ya kwanza ya akiba, zilizo sawa na zinazoelekeana, huku ncha ya mzizi ikionekana wazi upande wa pili. Kilichovimba maji na kung’aa kama kioo, kilichounganisha kotiledoni zake zikawa tarumbeta, au chenye kotiledoni tatu au nne, si lazima kife, ila maabara inayojiheshimu hukiondoa, kwani kundi la miche likiingiza vyenye kasoro hizo halitakuwa na urefu mmoja kitaluni.

Viinitete vya kwanza hukatwakatwa ili vizae vya pili, ambavyo ni vingi zaidi na kwa sehemu kubwa huanzia kwenye seli moja moja. Asili hiyo hupunguza hatari ya mche wenye mchanganyiko wa tishu zenye nasaba tofauti, lakini haiondoi haja ya kupima vinasaba vya sampuli ya kila kundi na kuvilinganisha na vya mti mama; muuzaji asiyeweza kuonyesha matokeo hayo anauza ahadi.

Mzizi ndio unaohitaji uangalizi mkubwa kuliko vyote. Mche ukitolewa chupani, mzizi mkuu uwe umenyooka, mweupe na unaoanza kutoa matawi, bila kuzunguka chini ya chombo. Kama umejipinda, mfuko mdogo wa kitalu utaupinda zaidi, na kasoro hiyo haitibiki shambani. Nchini Indonesia, mpango wa kitaifa wa kufufua kakao ulioanza mwaka 2009 uligawa mamilioni ya miche ya aina hii, hasa kisiwani Sulawesi, na wakulima wengi walilalamika kwamba mizizi ilikuwa dhaifu na miti ilianguka. Lawama haipaswi kuangukia mbinu yenyewe, kwa kuwa majaribio ya shambani huko Saint Lucia, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba miti iliyotokana na viinitete vya maabara ilikua kwa namna inayokaribiana na ile ya mbegu.

Majani huja mwisho, nayo yana neno lake. Majani yaliyoota chupani, ambamo hewa imejaa unyevu, huwa na utando mwembamba wa nta na vitundu visivyofunga vizuri, ndiyo maana mche huwekwa kwanza chini ya kifuniko cha plastiki kinachofunguliwa kidogo kidogo. Anayenunua ahesabu majani yaliyochipuka baada ya kutoka chupani, yaliyo mazito na yenye kung’aa kwa nta, wala asiyahesabu yale ya zamani, hata kama bado ni ya kijani. Baadaye shina liinuke wima mpaka kati ya mita 1 na 1.5, lisimame, kisha litoe kwa mara moja matawi yanayotawanyika kuizunguka ncha yake. Mche unaofanya hivyo umethibitisha kwamba umerithi umbo la mti wa mbegu.