Chujio au Kinasa? Juu ya Kuieleza Elimu ya Nano kwa Kiswahili

Neno nano latokana na Kiyunani, na maana yake ni kibete. Nanomita moja ni sehemu moja katika bilioni ya mita. Mara nyingi waielezao elimu hii kwa Kiswahili huishia hapo, kana kwamba jambo zima ni udogo. Sivyo. Dhahabu ya Geita ni ya manjano. Lakini ikigawanywa kuwa chembe zenye upana wa nanomita 20 hivi, huonekana nyekundu, na chembe za namna hiyo ndizo ziutiazo rangi mstari wa vipimo vingi vya haraka vya malaria. Kitu kikifikia udogo huo, tabia yake hubadilika.

Kosa lililo zito zaidi limo katika kitenzi. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipewa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chombo cha kusafishia maji kiunganishacho mchanga na vitu vya nano. Chombo cha aina hiyo huitwa chujio. Mchanga huchuja kweli, maana huzuia taka. Lakini floridi, iliyozidi katika baadhi ya visima vya Shinyanga na iharibuyo meno na mifupa, imeyeyuka majini. Hupita mchangani kama chumvi ipitavyo katika kitambaa. Vitu vya nano huinasa juu ya nyuso zao, nazo ni pana ajabu: mchemraba wa sentimita moja, ukikatwa kuwa vichemraba vya nanomita moja, nyuso zake zote pamoja hufikia mita za eneo 6,000.

Hayo si mabishano ya wanalugha tu. Chujio likijaa taka, maji hukawia kupita, na mwenyewe hutambua. Kinasacho kikijaa, maji huendelea kutiririka, maangavu, na floridi imo. Aaminiye kwamba anachuja ataona sababu gani ya kukibadili?

Wachimbaji wadogo wa Geita hawangekosea hapo. Wao huosha mchanga, kisha hutia zebaki ikamate vumbi la dhahabu. Na ingawa zebaki ni sumu, hakuna adhaniaye kuwa huchuja. Basi neno nano na libaki lilivyo. Lakini chombo hicho, kwa mfano wa kinasa sauti, chastahili kuitwa kinasa floridi.