NGUVU AU UZURI? UHAKIKI WA MJADALA WA WATAZAMAJI JUU YA SURYA BONALY KATIKA OLIMPIKI YA NAGANO

1. Utangulizi

Uhakiki hauzaliwi vitabuni peke yake. Popote watu wanapotazama kazi ya ustadi, kisha wakageukiana na kuulizana ni nani aliyeshinda na kwa sababu gani, hapo pana uhakiki, hata kama wasemaji wenyewe hawauiti hivyo. Makala haya yanachunguza mjadala mmoja wa namna hiyo: ule uliozuka baina ya watazamaji wa mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu, kuhusu Mfaransa Surya Bonaly, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, mwaka 1998.

Huenda msomaji akauliza: barafu ya Nagano ina uhusiano gani na masomo ya Kiswahili? Jibu ni kwamba mjadala huu, ukivuliwa viatu vyake vya chuma, ni mjadala wa lugha. Watazamaji walibishana juu ya mwili wa mwanamke mmoja, lakini silaha zao zilikuwa maneno: nguvu, uzuri, ufundi, usanii, kanuni. Maneno hayohayo ndiyo yanayotumika madarasani kila siku kazi ya fasihi inapopimwa. Kwa hiyo yafaa kutazama jinsi yalivyotumika mahali ambapo kila mtu aliona tendo lilelile kwa macho yake, ila watu hawakufikia hukumu moja.

2. Tukio na kanuni zake

Surya Bonaly alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1973, akalelewa na wazazi wa Kifaransa waliomchukua kuwa mtoto wao. Kabla ya kujulikana katika barafu alikuwa amejifunza jimnastiki, na mafunzo hayo yalibaki mwilini mwake. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, tangu 1991 hadi 1995, na mara tatu, mwaka 1993, 1994 na 1995, alishika nafasi ya pili duniani. Ya kwanza hakuishika kamwe. Katika Olimpiki alikuwa wa tano Albertville mwaka 1992, na wa nne Lillehammer mwaka 1994.

Wakati ule kila mwamuzi alitoa alama mbili, na kilele cha kila moja kilikuwa 6.0. Alama ya kwanza ilihusu ufundi: miruko, mizunguko na ugumu wake. Ya pili ilihusu namna ya kuonyesha: madaha, upatanifu na muziki, mpangilio. Jumla zenyewe hazikuhesabiwa moja kwa moja; zilimpa kila mwamuzi orodha yake ya mfuatano, na aliyepata nafasi ya juu kwa waamuzi wengi ndiye aliyeshinda. Katika sehemu ndefu ya shindano, mwamuzi akiwapa wawili jumla sawa, alama ya pili ndiyo iliyoamua. Hili si jambo dogo. Lillehammer, Oksana Baiul alimshinda Nancy Kerrigan kwa waamuzi watano dhidi ya wanne, na mmoja wa hao watano alikuwa amewapa jumla sawa. Dhahabu ya Olimpiki, basi, ilitegemea neno "uzuri" katika daftari la mtu mmoja.

Muda mfupi baadaye, Chiba, katika mashindano ya dunia ya mwaka huo wa 1994, Bonaly naye alishindwa na Yuka Sato kwa watano dhidi ya wanne. Alikataa kwanza kupanda jukwaani. Alipopandishwa na kuvishwa nishani ya fedha, aliivua mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo watazamaji wa mchezo huu waligawanyika juu yake.

Alipofika Nagano alikuwa na umri wa miaka 24, na mguu wake ulikuwa umekwisha kupata jeraha kubwa la ukano wa kisigino mwaka 1996. Katika sehemu ndefu, alipoona kwamba nishani imekwisha kumponyoka, alifanya tendo lililokatazwa: alibinuka kinyumenyume hewani, miguu ikapita juu ya kichwa, akatua juu ya mguu mmoja. Alipomaliza aliwaelekea watazamaji na kuwapa waamuzi mgongo. Alishika nafasi ya kumi. Dhahabu ilikwenda kwa Tara Lipinski, fedha kwa Michelle Kwan, shaba kwa Chen Lu.

Kubinuka huko kulikuwa na historia. Mmarekani Terry Kubicka alikufanya katika Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976, na baada ya hapo shirikisho la kimataifa likakupiga marufuku. Sababu zilizotajwa ni mbili: kwanza hatari, pili kwamba mruko halali hutua juu ya mguu mmoja, ilhali mbinuko ule ulitua kwa miwili. Bonaly, kwa kutua juu ya mguu mmoja, aliijibu sababu ya pili kwa mwili wake. Ya kwanza ilibaki.

3. Pande tatu za mjadala

Watazamaji walioufuatilia mchezo huu walisimama katika pande tatu.

Upande wa kwanza ulisema kwamba Bonaly alidhulumiwa. Hoja yake kuu ilikuwa hesabu: aliruka juu, aliruka mara nyingi, alijaribu yale ambayo wengine hawakuthubutu. Hoja hii ina ukweli, lakini pia ina kasoro. Kuhesabu miruko si kuipima. Kwa mfano, Albertville alijaribu mruko wa mizunguko minne, na waamuzi wakaona mzunguko wa mwisho haukukamilika kabla ya kutua. Mtetezi anayemhesabia mruko huo kana kwamba ulikamilika hamtetei. Anawapa wapinzani wake fimbo ya kumpigia. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na shabiki ni mwamba ngoma hodari.

Upande wa pili ulisema kwamba waamuzi walitenda haki. Wenye kusema hivyo wakiwa waangalifu walitaja mambo yanayoonekana: makali ya viatu hayakuegemea barafu kwa kina cha kutosha, mizunguko ya angani ilipungua, hatua za kuunganisha mruko na mruko zilikuwa chache. Hoja za namna hii zinastahili heshima, kwa kuwa mtu anaweza kutazama tena picha na kuzikubali au kuzikataa. Hata hivyo, wengi wa upande huu hawakufika huko. Walitosheka na kusema kwamba Bonaly ana nguvu, lakini si msanii.

Upande wa tatu ulisema kwamba kiini cha yote ni rangi ya ngozi yake. Alikuwa mwanamke mweusi katika mchezo ambao mabingwa wake wa kike walikuwa karibu wote weupe au Waasia, na ambao kielelezo chake cha urembo kilichotwa katika dansi ya majumba ya Ulaya. Upande huu ulikuwa na swali zito kuliko zote, ila mara nyingi ulilitoa kama hukumu iliyokwisha kukatwa. Nia ya moyoni mwa mwamuzi haionekani. Kinachoonekana ni maneno, na hapo ndipo mwanaisimu anapoweza kusaidia.

4. "Lakini" kama hukumu

Tuichunguze sentensi ile: "Ana nguvu, lakini si msanii." Kisarufi ni sentensi mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni sifa, ya pili ni kasoro. Mzigo, hata hivyo, umebebwa na kiunganishi. "Lakini" hukanusha tarajio. Tukisema "ni tajiri, lakini ni mkarimu," tumekwisha kudai, bila kutamka, kwamba matajiri ni wachoyo. Vivyo hivyo, anayesema "ana nguvu, lakini ana madaha" amedai kwamba nguvu hufukuza madaha. Na aliyezoea dai hilo hahitaji tena kuthibitisha kwamba madaha yamekosekana; akiisha kuitaja nguvu, msikilizaji anaimalizia sentensi mwenyewe.

Hapa ndipo sifa inapogeuka kuwa hukumu. Bonaly aliitwa mwenye nguvu, mwenye misuli, mwanasarakasi. Hakuna hata moja kati ya hizi lililo tusi. Lakini kila moja lilimsogeza kutoka safu ya alama ya pili hadi safu ya alama ya kwanza, na tumeona kwamba ya pili ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Mtu angeweza kumsifu mwaka mzima na kwa sifa hizohizo akamnyima dhahabu.

Je, ni lazima nguvu na uzuri ziwe wapinzani? Mtumiaji wa Kiswahili ana haki ya kulishuku dai hilo. Katika ngoma nyingi za Afrika, anayepiga ardhi kwa kishindo husifiwa uzuri kwa ajili ya kishindo chenyewe, si licha ya kishindo. Mtazamaji wa ngoma hasemi kwamba mchezaji ameruka juu mno hata akaharibu urembo. Huu si ushahidi kwamba Bonaly alistahili nafasi ya kwanza Nagano. Ni ushahidi kwamba kigezo kilichotumika kilikuwa cha mahali na cha desturi, wakati kilitajwa kana kwamba ni cha maumbile.

Fasihi ya Kiswahili imepitia jambo linalofanana na hili. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mabishano makali yaliendelea baina ya waliotaka vina na mizani na waliotunga bila hivyo. Wale waliosema kwamba tungo hizo zina mawazo lakini si mashairi walikitumia kiunganishi kilekile kwa kazi ileile. Swali la kama tungo zile zilifaulu au hazikufaulu lilizimwa na swali la kama ziliruhusiwa kuingia uwanjani.

5. Baada ya Nagano

Mambo mawili yaliyofuata yanaufanya mjadala huu usifungwe kirahisi.

La kwanza ni kwamba mfumo wa 6.0 wenyewe ulianguka. Katika Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002 ilizuka kashfa juu ya waamuzi wa mashindano ya wawili wawili, hata nishani ya pili ya dhahabu ikabidi itolewe kwa Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada, kando ya ile ya Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wa Urusi. Mwaka 2004 shirikisho lilipitisha mfumo mpya, ambamo kila mruko na kila mzunguko una thamani yake iliyoandikwa, na mwamuzi huongeza au hupunguza kulingana na ubora wake. Mfumo huu haukumaliza ugomvi. Sotchi, mwaka 2014, Adelina Sotnikova alimshinda Yuna Kim kwa pointi 224.59 dhidi ya 219.11, na watazamaji wakabishana vikali kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa waliweza kubishana juu ya mruko fulani na nambari fulani. Ugomvi ulibaki, ila ulipata mahali pa kushika.

La pili ni kwamba mwaka 2024 shirikisho liliondoa marufuku ya kubinuka kinyumenyume. Mashabiki wengi wa Bonaly waliona kwamba historia imempa haki. Hapa hapana budi kuwa waangalifu. Kuondolewa kwa kanuni kunathibitisha kwamba haikuwa ya milele. Hakuthibitishi kwamba waamuzi wa 1998 walikosea kuifuata. Bonaly aliijua kanuni, akaivunja kwa makusudi, akakubali gharama. Anayesema kwamba alinyang'anywa kitu usiku ule anampunguzia ujasiri wake, kwa maana anaufanya uamuzi wake kuwa ajali. Dhuluma, kama ilikuwapo, itafutwe katika miaka iliyotangulia, katika zile alama za pili, si katika mbinuko.

6. Hitimisho

Mjadala wa Nagano unafundisha kwamba watazamaji si wajinga na waamuzi si malaika, na kwamba pande zote mbili zinaweza kufungwa na neno moja dogo. Walioweza kuujenga mjadala ni wale waliosema: tazama hapa, mguu umetua hivi, mzunguko umeishia pale. Walioubomoa ni wale waliotosheka na sifa, iwe ya kumpandisha Bonaly au ya kumshusha.

Faida ya jambo hili kwa chuo ni ya karibu. Mwalimu anapoandika pembeni mwa kazi ya mwanafunzi kwamba ina nguvu lakini haina usanii, au kwamba ina mawazo mazuri lakini lugha yake si ya fasihi, ametoa alama ya pili bila kuonyesha alichokiona. Mwanafunzi hawezi kuikubali wala kuikataa. Anaweza tu kuivua, kama nishani ya Chiba. Mhakiki anayetaka haki aonyeshe kwanza, ndipo ahukumu. Na kila kalamu inapokaribia kuandika "lakini", isimame kidogo na kujiuliza ni tarajio gani linalokanushwa, na nani aliyeliweka hapo.