Wimbo Usiopigwa na Mtu: Ngoma za Kabaka katika Rekodi za Hugh Tracey

Mwaka 1950, na tena 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wanamuziki wa Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, katika kasri la Mengo, Kampala. Rekodi hizo zimesifiwa mno kwa kuokoa kilichokuwa karibu kupotea. Sifa hiyo ni ya haki, ila imetufanya tuzitunze kama masalia huku tukisahau kuzisikiliza kama sanaa. Ukizisikiliza kwa makini utagundua jambo la ajabu: wimbo unaousikia haupigwi na mtu yeyote.

Tuanze na amadinda, marimba ya mbao 12 zinazolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anaanza na mfuatano mfupi wa sauti anaourudia bila kusita. Wa pili, omwawuzi, anaketi upande wa pili wa mbao hizohizo na kutia mfuatano wake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, pigo kwa pigo. Kila mmoja hupiga mbao mbili kwa pamoja, sauti ileile juu na chini. Hakuna anayemfuata mwenzake. Mapigo ya mmoja yanaangukia katikati ya mapigo ya mwingine, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kuwatenganisha.

Hapo sikio linaanza kazi yake lenyewe. Linakusanya sauti za juu pamoja, za chini pamoja, na kuunda miendo ambayo haimo mkononi mwa mpigaji yeyote. Gerhard Kubik, aliyejifunza ala hizi kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri, aliueleza utaratibu huu katika makala ya mwaka 1962.

Anayenivutia kuliko wote ni mpigaji wa tatu, omukoonezi. Yeye ana mbao mbili tu, zile ndogo kabisa za juu. Kazi yake ni kusikiliza mchanganyiko wa wenzake, kuzinasa sauti mbili za chini kuliko zote, na kuzirudia juu kabisa, ambako kila mtu atazisikia. Yaani ndani ya kundi lenyewe yumo msikilizaji aliyepewa fimbo. Anatangaza kilichozaliwa baina ya wenzake wawili.

Ubunifu hauishii hapo. Ngazi ya muziki huu ina hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, hivyo wimbo unaweza kuhamishwa na kuanzia ubao mwingine. Ukihamishwa, sauti mbili za chini kabisa zinabadilika, na omukoonezi anadondoa mfuatano mpya. Wimbo ni uleule, lakini sura yake ni nyingine.

Entenga, ngoma zilizokuwa za Kabaka peke yake, zinaupeleka utaratibu huo mbali zaidi. Ngoma 12 zilizopangwa kwa sauti huchezwa na watu wanne, na ngoma nyingine tatu kubwa na watu wawili. Hapa wimbo hujificha zaidi ndani ya mvumo. Msikilizaji mgeni husikia radi. Aliyezoea nyimbo hizo kwenye amadinda huzitambua.

Sasa turudi kwenye rekodi. Tracey alikuwa na kawaida ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza mwenyewe, na sauti zote ziliingia katika mkondo mmoja. Wengine huona huo kuwa upungufu. Mimi naona uliufaa muziki huu kuliko mwingine wowote, maana mkondo mmoja unayeyusha mikono yote pamoja, na wimbo unajitokeza jinsi ulivyokusudiwa kumfikia Kabaka. Lakini rekodi hizo zilikusudiwa kwa santuri, na upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba kama dakika tatu tu. Muziki unaokwenda kwa kuzunguka ulikatwa kabla sikio halijazama, na ile miendo iliyofichika huhitaji muda ndipo ijitokeze.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwingine. Rekodi hizi zimehifadhi kiti cha msikilizaji, hazikuhifadhi kiti cha mpigaji. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Milton Obote lilivamia kasri la Mengo, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na wanamuziki wa kasri wakatawanyika. Ufalme wa Buganda uliporudishwa mwaka 1993, santuri hazikuweza peke yake kumwambia kijana mkono wake uangukie wapi. Hilo lilitoka kwa watu kama Muyinda, waliofundisha kila sehemu peke yake, polepole.

Kwa hiyo thamani ya rekodi za Mengo inategemea kilicho nje yake. Zinatuambia matokeo kwa uaminifu mkubwa. Njia ya kuyafikia iko kwa walimu. Taasisi yoyote inayozirudisha Uganda bila kumlipa mwalimu wa kuketi na vijana mbele ya zile mbao 12 imerudisha nusu ya kazi.