"Umetoka Bomba!" Halafu?

Ndugu msomaji, tukubaliane kwanza juu ya jambo moja. Sisi vijana wa mjini tunapiga picha nyingi na tunaonyeshana picha nyingi, lakini hatuzijadili. Picha itapita mikononi mwa watu kumi, na maneno yatakuwa yale yale: "Umetoka bomba!", "Kali hiyo!", "Nitumie na mimi." Basi, imeisha. Hadithi fupi ikipokewa hivyo kwenye kikao cha waandishi, mwenyewe ataondoka kanuna, maana atajua hakuna aliyeisoma. Sasa picha tunaionea kwa nini?

Nauliza hivi kwa sababu kamera ndogo za dijitali, zile za kutia mfukoni, zimerudi. Simu zilipoanza kupiga picha safi, kamera hizi zilitupwa kwenye madroo. Miaka hii ya 2020 vijana wa miji mingi duniani wamezifufua. Wanazisaka kwenye vitu vya mitumba, wanaipenda flashi yake kali na ule ukungu wake. Si vibaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba wanachosifu ni kifaa. Ni sawa na kuisifu riwaya kwa kuwa mswada wake ulipigwa taipu kwa mashine ya zamani.

Tuliopita sekondari tulikaririshwa fani na maudhui mpaka tukachoka, na wengi tuliviacha kwenye chumba cha mtihani. Nionavyo mimi, vinafaa sana hapa.

Tuanze na fani. Mwaka 1995 kampuni ya Casio ya Japani ilitoa kamera iitwayo QV-10. Ilikuwa na pikseli 250,000 tu na iliweka picha 96. Lakini nyuma yake ilikuwa na kioo, na picha ilionekana pale pale. Jambo hilo lilibadili mambo. Zamani picha ilingojewa isafishwe, na iliporudi tukio lilikuwa limeshapoa. Sasa mpigaji na waliopigwa wanakusanya vichwa juu ya kioo kidogo wakati jasho halijakauka, na pale ndipo uamuzi unapofanyika: hii ibaki, hii ifutwe. Huo tayari ni uhakiki, ila ni uhakiki wa nusu dakika.

Kamera hii ina tabia zake. Kipande kinachonasa mwanga ndani yake ni kidogo kuliko ukucha, kwa hiyo mchana karibu kila kitu hutoka wazi, cha mbele na cha nyuma. Kamera kubwa inaweza kumtenga mhusika na mandhari yake. Hii haiwezi kwa urahisi. Utamwona mshikaji katabasamu, na nyuma yake utaona ndoo, kamba ya nguo, kalenda ya mwaka juzi. Usiku mambo hugeuka. Flashi haifiki mbali, inawapausha walio karibu na kumzamisha gizani aliye nyuma. Mwandishi wa riwaya asiyeona utajiri wa vitu hivyo, basi tena.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Kamera hukadiria mwanga kwa wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, uso wake huweza kuzama kabisa, macho na pua visionekane. Ni makadirio ya mashine. Sisi tunasemaje? "Umetoka mweusi, futa." Na flashi ikimpausha mtu mpaka kafanana na unga, tunasema katoka poa. Hapo tunatoa hukumu juu ya ngozi zetu wenyewe bila hata kujua kwamba tumeketi barazani kuhukumu. Je, haya hayastahili mjadala?

Sasa maudhui. Mwishoni mwa mwaka 2003, katika gereza la Abu Ghraib karibu na Baghdad, Iraki, askari wa Marekani waliwatesa na kuwadhalilisha wafungwa, na wakawapiga picha kwa kamera ndogo za dijitali kama hizi hizi. Wakapeana picha hizo kwenye diski, kama tunavyopeana za harusi. Ndani ya duara lile picha zilikuwa kumbukumbu na utani. Januari 2004 askari mmoja aliyepewa diski, Joseph Darby, aliziangalia, akaona kilichokuwa mle, akaikabidhi kwa wapelelezi wa jeshi. Tarehe 28 Aprili 2004 televisheni ya CBS ikazionyesha, na dunia ikatikisika.

Tafakari hapo. Picha hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni msomaji.

Na kusoma kwenyewe kulikuwa kazi. Kamera hizi huandika saa na tarehe ndani ya kila picha, lakini saa za kamera zile hazikulingana. Wapelelezi walilazimika kutafuta tukio lililopigwa na kamera zaidi ya moja, wakalinganisha, ndipo wakapanga mfuatano wa matukio. Huo ndio msuko! Kingine: picha ya askari wa kike aliyeshika mkanda uliofungwa shingoni mwa mfungwa ilienea duniani ikiwa imekatwa upande. Katika picha kamili kulikuwa na askari mwingine, amesimama pembeni. Alipokatwa, dhamira ilibadilika. Hadithi ya watu waliozoea jambo ikawa hadithi ya mtu mmoja mbaya.

Mwandishi Susan Sontag aliandika Mei 2004, katika jarida la gazeti la New York Times, kwamba siku hizi picha ni ujumbe wa kusambazwa kuliko kitu cha kutunza. Alisema kweli. Ila mimi naongeza: kusambaza kule kule ndiko kuliifikisha diski kwa mtu mwenye macho. Kwa hiyo sitamwambia kijana aache kupeana picha. Namwambia asipeane akiwa kalala.

Najua wapo watakaosema, "Bwana wee, picha ya bethdei unaihakiki ya nini? Acha watu wafurahi." Wafurahi, nani kakataa? Lakini katika picha hiyo ya bethdei nani kashika kamera? Yule dada wa kazi aliyepika, mbona yuko nusu, kakatwa bega na fremu? Anayecheka anacheka na nani, na anayechekwa kaulizwa? Kiswahili chetu kina akili: tunasema mtu "kapigwa picha". Anayepiga yupo, na anayepigwa yupo. Mhakiki ambaye hamwulizii anayepigwa hajaanza kazi.

Napendekeza basi, kwa vikundi vyetu vya waandishi chipukizi. Siku ya kusoma hadithi, kila mmoja alete picha moja, ya kamera ndogo, isiyorekebishwa. Aliyeipiga anyamaze. Wengine waseme wanachokiona kwanza, kabla ya kusema wanachokipenda. Waanze na kona za picha, maana katikati kila mtu anakuona. Mwisho waulize nini kimeachwa nje, na kwa faida ya nani. Neno "bomba" liwekewe faini ya andazi moja.

Tukifanya hivyo miezi michache, nina imani hata hadithi zetu zitabadilika. Tutapunguza wahusika wanaosimama hewani bila ndoo wala kalenda nyuma yao, na tutamkumbuka yule aliyesimama pembeni akitazama. Mara nyingi riwaya nzima iko kwake.