Kitale hadi Bungoma kwa Njia ya Masoko: Punguza Mwendo, Fungua Dirisha

Jamani, barabara hii ilikuwa imejificha wapi siku zote? Kutoka Kitale hadi Bungoma hakufiki hata kilomita 100, na wengi wetu hupapita mbio tukiwahi Kisumu au Malaba. Safari hii usikimbie. Toka barabara kuu pale Kamukuywa, pitia Kimilili na Chwele, lala Bungoma, kisha urudi kwa njia ya Webuye. Siku mbili zinatosha. Ukipata ya tatu, raha juu ya raha. Nimerudi nikimwambia kila rafiki mwenye gari: jaza tangi, twende!

Wafaransa wana vijiji vyao vya mvinyo ambako mgeni huenda akionja, mlango kwa mlango. Sisi tuna mizabibu kidogo kule Naivasha, na majirani zetu Watanzania wanayo ya Dodoma. Lakini ukitaka mahali ambapo shamba, chungu, soko na sherehe vimeshikana, njoo chini ya Mlima Elgon. Kinywaji cha huku hutoka kwenye wimbi, na kahawa nayo iko papo hapo mlimani. Katika safari hii utakula na kunywa vitu ambavyo mashamba yake umeyapita saa moja iliyotangulia, na hapo ndipo ulipo utamu wake wote.

Anzia Kitale, na ndani ya Kitale anzia makumbusho. Yalitokana na mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege na vyombo vya kale maisha yake yote, na yalifunguliwa kwa umma mwaka 1974. Boma za jamii za magharibi zimejengwa pale ili uingie na uone chungu kilikaa wapi na mifugo ililala wapi. Nyuma kuna njia ya miguu inayopita kwenye msitu wa asili. Kisha shuka sokoni. Mji huu ulikua na reli iliyofika mwaka 1926 kubeba mazao ya walowezi, na mpaka leo unaishi kwa mahindi; Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanza mwaka 1956, ina makao yake hapa. Sokoni kila kitu hupimwa kwa kopo la gorogoro: gorogoro ya maharagwe, ya njugu, ya wimbi. Tafuta mursik, ule mtindi wa kibuyu wenye rangi ya majivu, unywe kabla hujawasha gari.

Halafu barabara inafunguka! Ukishapita Kiminini, mahindi yako kushoto na kulia, na mkono wako wa kulia mlima unaandamana nawe kilomita baada ya kilomita. Wabukusu, wenyeji wa huku, wanauita Masaba. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda, lakini miteremko inayoshukia huku ndiyo inayowalisha watu wa Bungoma. Simama kando ya njia ununue mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili. Tulia, uyale taratibu.

Kimilili inanukia historia. Huku ndiko alikotoka Elijah Masinde, mchezaji kandanda aliyegeuka kuwa nabii na kiongozi wa Dini ya Msambwa, yule ambaye wakoloni walimkamata na kumpeleka kizuizini Lamu bila kuizima sauti yake. Huku pia ndiko kahawa inakoanza kukuzunguka. Ukifika kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, utakuta mibuni imejaa matunda mekundu, wakulima wakishusha magunia kiwandani, na kahawa iliyomenywa ikianikwa juani kwenye meza ndefu za waya. Ingiza mkono ukiruhusiwa, uigeuze kidogo. Harufu yake ni ya asali iliyoanza kuchachuka, nami sikutaka kuondoka.

Sasa Chwele. Chwele! Soko hili ni miongoni mwa makubwa ya wazi katika magharibi yote ya Kenya, na siku zake ni Jumatatu na Alhamisi. Panga safari yako yote kwa siku hizo. Vitunguu vyekundu vimerundikwa kama vichuguu, nyanya zimo kwenye makreti, mikungu ya ndizi imepangwa safu kwa safu, viazi vimeshuka kutoka mlimani, na kuku wa kienyeji wamefungwa miguu wawili wawili wakisubiri mnunuzi. Malori ya mbali yamejipanga, wachukuzi wanapiga mbiu wapishwe, boda boda zinapenya pasipo na nafasi. Salimia kwa “Mulembe!” uone nyuso zinavyofunguka. “Karibu mwanangu, onja kwanza, bei tutaongea,” mama mmoja aliniambia huku akinimiminia njugu kiganjani. Nilionja. Tuliongea. Nilibeba gorogoro mbili.

Wimbi unaloliona hapo Chwele ndilo linalokwenda kwenye busaa, na busaa ndiyo mvinyo wa nchi hii. Unga wa mahindi hukandwa na maji na kuachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto kwenye bati pana mpaka ugeuke kahawia na kunukia. Huchanganywa na maji pamoja na kimea, yaani wimbi lililolowekwa likachipua, likaanikwa na kusagwa, halafu chungu huachwa kifanye kazi yake. Wazee huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa. Ladha yake ni nzito, chachu, yenye moshi kwa mbali, na ndani yake unautambua ule unga uliokaangwa. Busaa ya heshima ni ya nyumbani na ya sherehe, kwa hiyo ngoja ualikwe. Na mwenye usukani anywe uji wa wimbi. Ni mtamu vilevile.

Bungoma yenyewe imechangamka, na barabara pana inayopita Kanduyi kuelekea Musikoma inaupa mji pumzi. Agiza kuku kienyeji na ugali wa kahawia wa wimbi na muhogo, na mboga pembeni: mrenda, kunde au mitoo iliyopikwa taratibu kwa maziwa. Sikiliza kama kuna litungu mahali, kinubi cha Kibukusu ambacho hukufanya utikise mabega kabla hujajua. Ukija Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, utakuta msimu wa tohara: vijana barabarani na njuga mikononi, wakiimba na kualika jamaa. Simamisha gari, wapishe, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Njia ya kurudi haichoshi hata kidogo. Unapita miwa ya Nzoia, eneo lililojengewa kiwanda cha sukari miaka ya 1970, kisha Webuye, mji wa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichonyamaza mwaka 2009. Panda Chetambe, ambako Wabukusu walijihami ndani ya ngome na kupigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Kutoka juu unaona tambarare yote uliyoizunguka. Shuka ukaone Mto Nzoia ukiporomoka kwenye maporomoko ya Webuye.

Mapungufu yapo. Vibao vya kuelekeza wageni ni vichache mno. Barabara za udongo za mlimani huteleza vibaya mvua ikinyesha. Na linaloniuma zaidi: kahawa bora inalimwa hapa, lakini hotelini ukiagiza kinywaji cha moto unaletewa chai. Mwenye mtaji na afungue mkahawa Kimilili, awakaangie watu kahawa yao wenyewe. Nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Hukumu yangu? Ifanye, na uifanye mwaka huu. Oktoba hadi Desemba ndiyo bora, mahindi na kahawa vikivunwa pamoja. Lala Kitale Jumapili au Jumatano, ondoka alfajiri, na uhakikishe unafika Chwele kabla ya saa nne asubuhi, ukiwa na noti ndogo mfukoni na buti la gari likiwa tupu.