Msomi, Mwendawazimu na Mpelelezi: Nani Anasikizwa?

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne hapa Nyamache waliwahi kuniuliza swali ambalo halimo katika mwongozo wowote. Walikuwa wametazama tamthilia ya runinga kutoka Marekani iitwayo Perception, iliyoonyeshwa kwao kati ya 2012 na 2015. Mhusika wake mkuu, Dkt. Daniel Pierce, ni profesa wa elimu ya ubongo mjini Chicago. Anaugua skizofrenia, huona watu wasiokuwapo na kuzungumza nao. Hata hivyo, makachero wa FBI humwendea wanapokwama. "Mwalimu," akauliza mmoja, "mbona katika riwaya za Kiswahili hayuko mtu kama huyu?"

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba yuko. Nilipoketi kumtafuta nikaona kwamba yuko kweli, ila amegawanywa vipande.

Kipande cha kwanza ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ndiyo iliyomtambulisha kwa wasomaji, na wahakiki wengi wamemfananisha na Sherlock Holmes kwa kiko chake na ukimya wake wa kufikiri. Ana akili pevu, na polisi humsikiza. Lakini hana ugonjwa wowote. Tena kazi yake kubwa ni kufukuza giza vichwani mwa watu: pale kijiji kinapoona mzimu, yeye huona nyayo za binadamu. Msomaji akumbuke kwamba maneno "mzimu" na "wazimu" ni ndugu wa shina moja. Bwana Msa alipambana na mzimu akaushinda. Wazimu hakuugusa, na sidhani mwandishi aliyeshika kalamu Unguja ya miaka ya 1950 angeweza kumpa shujaa wake maradhi ya akili na bado aaminiwe na wasomaji.

Vipande viwili vilivyobaki vimo katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, kitabu kilichotahiniwa katika KCSE kuanzia 2013 hadi 2017 na ambacho wengi wetu tungali nacho kabatini. Riwaya hii haiitwi ya upelelezi, lakini ina uhalifu wa kutosha: ardhi imeporwa, watu wamefungwa kwa hila, mswada umeibwa. Amani anafika Sokomoko kama mchunga ng'ombe, kumbe ni mpelelezi wa kesi yake mwenyewe. Sasa tazama mwandishi alivyopanga wahusika. Msomi wa kijiji, Mwalimu Majisifu, ambaye kwa sifa zake ndiye angekuwa profesa wetu, ndiye mwizi wa mswada. Na anayesema hadharani yale ambayo kila mtu anayajua ni Matuko Weye, askari wa zamani anayehesabiwa kuwa mwendawazimu. Anayasema mbele ya umati, na malipo yake ni kukamatwa.

Hapa ndipo tofauti na Pierce inapouma. Kule Chicago serikali inabisha hodi kwa mgonjwa ili imwulize. Sokomoko serikali inamfunga mgonjwa ili asiulizwe. Kinaya cha Walibora kiko hapo.

Watahiniwa wengi huishia hapo pia. Wanaandika kwamba Matuko Weye ni mkweli na jasiri, kwamba ametumiwa kufichua uozo wa Mtemi Nasaba Bora, na wanapata alama zao. Sisemi wamekosea. Nasema hawajauliza jambo moja: je, neno lake lingekubaliwa mahakamani? Nimewahi kulitoa darasani kama mjadala, na karibu wote walisema la, kwa kuwa "mwendawazimu hana ushahidi." Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu mwenye maradhi ya akili anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa hali yake imemzuia kuelewa maswali na kuyajibu kwa mantiki. Kwa hiyo Sokomoko ingemwita Matuko kizimbani akiwa shahidi badala ya kumfunga. Mwanafunzi akilijua hili, swali la utawala mbaya katika riwaya linapata uzito mwingine kabisa.

Lakini nisimsifu Pierce kupita kiasi. Katika visa vingi, watu wasiokuwapo anaowaona ndio wanaomdokezea siri ya kesi. Ugonjwa umefanywa taa ya kumulikia wezi. Waliouguza mtu nyumbani wanajua kwamba sauti zile hazikamati mwizi. Zinamnyima mgonjwa usingizi na kumtenga na ndugu. Ubora wa tamthilia hiyo, kwa maoni yangu, uko mwishoni mwa msimu wa kwanza, Pierce anapolazwa na kutibiwa, na rafiki wa mawazoni anayempenda anatoweka. Hapo tunaona gharama. Matuko Weye hakupewa hata hilo. Ni kinywa cha mwandishi. Huenda vita ndivyo vilivyomwumiza, lakini usiku analala wapi, nani anampikia? Tukimwita "msema kweli" na kufunga daftari, tumemtumia kama Sokomoko ilivyomtumia kwa kicheko.

Sisi wa Gusii tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Wazee wetu walikuwa na wataalamu walioitwa omobari omotwe, waliofungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kubaki na maumivu yasiyokoma. Dkt. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, aliandika kuwahusu. Kwao kichwa kilichoumia kilikuwa jambo la kutibiwa, hata kama tiba yenyewe ilikuwa ya kutisha.

Siku ya mjadala ule kijana mmoja wa nyuma hakucheka na wenzake. Baada ya kipindi aliniletea insha ambayo sikuwa nimeiagiza. Mhusika wake ni baba mdogo aliyekuwa fundi hodari wa redio kabla ya kuugua, na siku ng'ombe wa jirani alipoibwa yeye pekee alikuwa macho. Hakuna aliyemwuliza. Sarufi ya insha ilikuwa na makosa mengi. Nilimpa alama kumi na saba kati ya ishirini, na mwenzangu wa idara bado ananidai maelezo.