Kugeuza na Kufuta: Uhakiki wa Malalamiko ya Watazamaji juu ya Filamu Zilizobadilishwa

1. Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiona kazi moja ikiwa na matoleo mengi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imewafikia wasomaji kwa mikono ya W. E. Taylor, ya William Hichens (1939) na ya James de Vere Allen (1977), na matoleo hayo hayalingani kwa kila neno. Hakuna mhakiki anayeona ajabu juu ya jambo hilo. Kazi yake ni kulinganisha, kueleza kila neno limetoka wapi, na kumwachia msomaji njia ya kurudi kwenye hati.

Kwa watu wa Kasongo upo mfano wa karibu zaidi, nao ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeufanya mji huu kuwa makao yake makubwa katika bonde la Lualaba. Yeye aliandika kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyahamishia maneno yake kwenye herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, W. H. Whiteley aliyatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Naye François Bontinck aliyafasiri kwa Kifaransa mwaka 1974. Kila mkono uliopita umeacha alama yake. Hata hivyo, jina la kila mkono linajulikana, na mwaka wake pia. Msomaji anayemshuku Whiteley anaweza kumwendea Brode.

Filamu haijapata desturi kama hiyo. Filamu hukatwa, hutiwa rangi, huongezewa picha na kufunikwa maneno, kisha hurudishwa kwa watazamaji kwa jina lilelile, mara nyingi pasipo kuwaambia. Ndiyo sababu katika miaka arobaini iliyopita wapenzi wa filamu za zamani wamelalamika kwa uchungu ambao wahakiki wengi wameudharau, wakiuita ukaidi wa watu wanaoshikilia utoto wao. Makala haya yanadai kwamba malalamiko hayo yana msingi, ila msingi wenyewe haujaelezwa barabara. Kosa haliko katika kugeuza. Kosa liko katika kufuta kilichotangulia.

2. Mmiliki anapogeuza

Mjadala huu una uhusiano na Lualaba kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1951 mwongozaji wa Kimarekani John Huston alikuja Kongo kupiga picha za filamu ya The African Queen. Sehemu ya kazi hiyo ilifanyika kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville wakati ule, ambao uko kwenye mto uleule unaopita magharibi ya Kasongo. Sehemu nyingine ilifanyika Uganda na London. Filamu ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na Huston hakuifuata mpaka mwisho. Katika riwaya, mashua ya wale wapenzi wawili inazama bila kuigusa meli ya Wajerumani, na meli hiyo inakuja kuzamishwa na Waingereza wengine. Katika filamu, mashua hiyohiyo ndiyo inayoizamisha meli. Huu ni ugeuzaji mkubwa wa maudhui: kilichokuwa kejeli juu ya ushujaa kimekuwa ushindi.

Huston huyuhuyu, mnamo mwaka 1986, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa mzee na mgonjwa, akapinga kutiwa rangi kwa filamu yake ya The Maltese Falcon (1941), iliyopigwa kwa picha nyeusi na nyeupe. Tajiri Ted Turner alikuwa amenunua hazina kubwa ya filamu za zamani, na kampuni yake ilizitia rangi ili zivutie watazamaji wa televisheni. Huston alifariki mwaka 1987. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha televisheni nchini Ufaransa kilitangaza kwamba kitaonyesha filamu yake nyingine, The Asphalt Jungle (1950), ikiwa imetiwa rangi. Watoto wake pamoja na Ben Maddow, aliyeshirikiana naye kuandika hadithi ya filamu hiyo, walikwenda mahakamani. Walishindwa katika rufaa mwaka 1989. Lakini tarehe 28 Mei 1991 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliamua kwamba haki ya mtunzi juu ya heshima ya kazi yake inalindwa nchini humo, hata kama sheria ya nchi ilikotengenezwa filamu haimtambui kuwa mtunzi.

Msomaji makini atauliza: je, aliyeugeuza mwisho wa riwaya ya Forester alikuwa na haki gani ya kulalamika? Jibu ndilo kiini cha makala haya. Huston hakuigusa riwaya. Ilibaki madukani na maktabani na mwisho wake uleule. Kila aliyetaka kulinganisha aliweza. Yeye alitunga kazi nyingine, akaitia jina lake. Aliyetia rangi The Maltese Falcon hakutunga kazi nyingine. Aliichukua ileile, akaivisha nguo, kisha akairudisha kwa watu kwa jina la Huston.

3. Mtunzi mwenyewe anapogeuza

Jambo huwa gumu zaidi pale anayegeuza anapokuwa mtunzi mwenyewe. Mwezi Machi 1988 George Lucas, aliyetunga na kuongoza Star Wars (1977), alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kutetea filamu za zamani. Alisema kwamba kazi za sanaa ni urithi wa umma, akawalaumu vikali wanaoziharibu kwa ajili ya faida. Alionya pia kwamba katika siku zijazo itakuwa rahisi zaidi kwa filamu asilia kupotea na nafasi yake kushikwa na zilizogeuzwa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuhifadhi filamu, na mwaka 1989 Star Wars ikawa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuingizwa katika orodha ya taifa.

Mwaka 1997 Lucas alitoa Toleo Maalumu la filamu hiyo, lenye picha mpya zilizotengenezwa kwa kompyuta. Badiliko lililowaudhi watazamaji kuliko yote ni dogo kwa muda. Mhusika Han Solo, mfanyamagendo, amekaa mezani na Greedo, aliyetumwa kumkamata, naye Greedo amemwelekezea bunduki. Katika filamu ya mwaka 1977 Han anafyatua silaha yake chini ya meza, na Greedo anakufa. Katika toleo la mwaka 1997 Greedo anafyatua kwanza na kumkosa, kisha Han anajibu.

Wengi waliona malalamiko juu ya sekunde hizo kuwa mchezo wa watoto. Uhakiki wa wahusika unaonyesha kinyume chake. Han wa mwaka 1977 ni mtu anayejali roho yake na fedha zake tu, naye yuko tayari kuua kabla hajaguswa. Kwa hiyo anaporudi vitani mwishoni mwa filamu kuwaokoa rafiki zake, mtazamaji anashuhudia mtu aliyebadilika. Han wa mwaka 1997 ni mwema tangu mwanzo, amejitetea tu. Ukiondolewa ubaya wa mwanzo, wema wa mwisho hauna kazi tena. Watazamaji walioudhika hawakuwa na istilahi za kueleza jambo hilo, lakini walikuwa wameisoma fani kwa usahihi.

Hoja ya kumtetea Lucas ni nzito na haifai kupuuzwa. Mshairi husahihisha shairi lake. Mwandishi hurekebisha riwaya yake kabla ya chapa ya pili. Kwa nini mwongozaji anyimwe? Hasha, hanyimwi. Lakini chapa ya pili ya riwaya haiingii nyumba za watu kuichoma chapa ya kwanza. Lucas aliliona toleo jipya kuwa ndiyo filamu yenyewe, na ile ya mwaka 1977 ikaondolewa sokoni, isipokuwa kwa muda mfupi mwaka 2006 ilipotolewa kama nyongeza, tena kwa picha zisizo na ubora wa kutosha. Wapenzi wake wakaanza kuunganisha vipande vya nakala za zamani kwa mikono yao, kazi isiyotofautiana sana na ile ya mhakiki anayelinganisha hati za utenzi. Mwezi Juni 2025, nakala ya mwaka 1977 ilipoonyeshwa mjini London na British Film Institute, tukio hilo lilipokelewa kama ugunduzi wa hati iliyopotea. Onyo la mwaka 1988 lilikuwa limemrudia mwenye kulitoa.

Mfano wa Steven Spielberg unatia nguvu hoja hii. Mwaka 2002 alitoa upya filamu yake E.T. (1982), akiwa ameziondoa bunduki mikononi mwa askari na kuwapa redio za mawasiliano. Badiliko hilo nalo lilichekwa. Lakini diski za mwaka huo zilitolewa pamoja na filamu ya kwanza, na baadaye Spielberg alisema hadharani kwamba hakupaswa kuigeuza. Hasira ikapoa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenyang'anywa kitu.

4. Jina lililofunikwa

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya mataifa yenye kushiba. Kwa Mkongo, hata hivyo, upo mfano usiohusu michezo ya angani. Mwaka 2000 Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyelelewa kwa miaka kadhaa Kongo, alitoa filamu ya Lumumba. Inasimulia maisha ya Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi, mtu ambaye katika miaka ya 1940 alipata kufanya kazi hapa Maniema kabla ya kuhamia Stanleyville. Katika onyesho moja viongozi wanazungumzia hatima ya Lumumba mbele ya Wamarekani, na mmoja wao anatajwa kwa jina la Carlucci. Frank Carlucci alikuwa ofisa wa ubalozi wa Marekani mjini Léopoldville wakati huo, na baadaye akawa Waziri wa Ulinzi. Alikana kuhusika kwa namna yoyote. Mwaka 2002 filamu ilipoonyeshwa na televisheni ya HBO nchini Marekani, baada ya tishio la mashtaka, jina hilo lilifunikwa kwa mlio.

Makala haya hayakusudii kuamua nani alisema kweli juu ya mwaka 1961. Hiyo ni kazi ya wanahistoria. Linalohusu uhakiki ni kwamba hadhira mbili zimeona filamu mbili kwa jina moja. Mtazamaji wa kwanza anasikia dai, naye anaweza kulipima, kulikubali au kulikataa. Wa pili anasikia mlio tu. Katika miji kama Kasongo na Kabambare filamu hufika kwa nakala ya nakala, zamani kwa kanda na diski, siku hizi kwa flashi na simu, na anayeipata hana nyingine ya kulinganisha. Kwake nakala hiyo ndiyo filamu. Badiliko ambalo mtazamaji wa London analalamikia, mtazamaji wa Kasongo hata halijui. Ufutaji humwumiza zaidi yule asiyeweza kulalamika. Wazee walioonja sinema za enzi ya Wabelgiji, ambazo zilipita kwa wakaguzi kabla ya kuonyeshwa kwa Wakongo, walilijua hilo.

5. Mfasiri wa kibandani

Je, wanaosimulia filamu za kigeni kwa lugha za Kiafrika nao wahukumiwe? Nchini Tanzania Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia hadhira kubwa kwa kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni. DJ Afro amefanya hivyo nchini Kenya, na Uganda ina wasimulizi wake. Msimulizi hufasiri, hukatiza, hutania, huwapa wahusika tabia za mitaani kwake. Kwa kipimo cha uaminifu wa matini huyu ni mgeuzaji kuliko Lucas.

Hata hivyo wapenzi hawamlalamikii, wanamfuata. Sababu ni kwamba sauti yake inasikika juu ya sauti ya kwanza. Mtazamaji anajua wakati wote kwamba mbele yake kuna wawili, aliyetunga na anayesimulia, kama anavyojua katika ngano kwamba fanani anaongeza yake. Msimulizi huongeza waziwazi, wala hajifichi nyuma ya jina la mwingine.

6. Hitimisho

Sheria imemlinda mtunzi. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1991, na Kongo yenyewe, ikiitwa Zaire, ilizitambua haki za watunzi kwa sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Lakini sheria hizo zinamlinda mtunzi dhidi ya wengine. Hazimlindi mtazamaji dhidi ya mtunzi. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mahakama peke yake, nalo linawahusu walimu na maktaba.

Mambo matatu yanawezekana pasipo gharama kubwa. Kwanza, mwalimu anayefundisha filamu ataje toleo na mwaka wake, kama anavyotaja chapa ya kitabu. Pili, idara za lugha zihifadhi nakala za filamu zinazohusu nchi hii, na kila nakala iandikiwe ilikotoka. Tatu, mwanafunzi afundishwe kuuliza juu ya filamu swali analoulizwa juu ya utenzi: nani aliipitia, na aliondoa nini? Mtunzi ana ruhusa ya kuigeuza kazi yake mara mia, mradi ya kwanza ibaki mahali ambapo mtu anaweza kuifikia.